Ukurasa wa Mamba

Garsen. Alhamisi, tarehe kumi na mbili Mfungo Saba. Nimeanza kuandika baada ya alasiri.

Jua limewaka tangu asubuhi bila wingu hata moja, na mto umeshuka mpaka matope ya ukingoni yameanza kupasuka. Wenye mitumbwi wamepika wali na samaki, wamekula, wamejilaza kivulini. Mimi sijala. Nimekaa mlangoni pa hema na vitabu viwili mapajani. Kimoja ni cha Serikali, nacho kinatakiwa kesho asubuhi. Kingine ni hiki, ambacho hakitakiwi na mtu.

Moyo wangu umevunjika. Nalisema mwanzoni ili nisije nikaanza kuzungukazunguka kama kawaida yangu.

Kule kwetu Kipini najulikana kuwa mtu wa kalamu. Nilisoma chuoni, nikawa na hati nzuri kabla sijaota ndevu, na Serikali ilipokuja na bendera yake nilikuwa mmoja wa wachache ambao mkono wao ulikuwa tayari. Nimejivuna kwa hilo, sikatai. Nikipita sokoni watu hunisalimu kwa cheo kabla ya jina. Mke wangu, Bi Amina, hunitania kwamba siku malaika watakaponihoji kaburini nitawaambia wangoje kidogo nichovye kalamu.

Hana hamu ya kutania siku hizi, na sababu yake ndiyo iliyonifanya nifungue daftari hili.

Kazi ya safari hii ilikuwa moja. Bwana Mkubwa, Mzungu wa Serikali, alitaka kujua watu waliouawa katika mto huu, mwaka kwa mwaka, tangu enzi ambazo wazee wanaweza kuzikumbuka mpaka leo. Si waliokufa, waliouawa. Anataka kuwaandikia wakubwa wake kwamba zamani watu wa mto waliuana sana na sasa wameacha. Alinituma juu mpaka Nanighi, niulize kila kijiji. Kila aliyeuawa ni mstari mmoja mdogo wa wino. Majina alisema tuyaache, kwa kuwa majina yanachelewesha kazi.

Nilikuwa na njia yangu ya kufanya kazi. Wazee hawahesabu miaka kwa tarakimu, kwa hiyo nilikuwa nikiwauliza kwa majina ya miaka yenyewe: mwaka wa ndui, mwaka wa nzige, mwaka mto ulipohama. Kila mwaka niliupa kurasa mbili zinazotazamana. Ukurasa mmoja ni wa waliouawa kwa mkono wa mtu. Ule wa pili ni wa ajali: nyoka, kiboko, maji, mamba. Huo wa pili nimekuwa nikiujaza tangu nilipoajiriwa, kila ninapopanda mto. Bwana Mkubwa hakuuomba. Niliuweka kwa sababu napenda kitabu kilichotimia.

Kurasa za zamani zimejaa wino. Mwaka wa ndui mistari imesongamana hata nililazimika kuandika pembeni. Ni enzi za kukimbia zile, watu wakilala mitumbwini katikati ya mto kwa hofu ya wavamizi, na anayekwenda shambani akiaga kabisa. Mmoja wa mistari ile ni baba yangu mzazi. Nilikuwa kijana nisiye na mke. Tulimkuta kwenye mpunga wake, amelala kifudifudi, jembe liko chini yake. Mstari wake niliuchora mwenyewe safari hii, mkono wangu ukiwa imara, na baadaye nikanywa maji nikaendelea na kazi.

Halafu kurasa zinaanza kuwa nyeupe. Ukifunua taratibu unaona jinsi mistari inavyopungua, mwaka hadi mwaka, mpaka ile miaka ya karibu ambayo ukurasa wa waliouawa hauna kitu. Mwaka juzi hauna mstari hata mmoja, mto mzima.

Nilipouona ukurasa ule mweupe nilimshukuru Mungu. Wallahi nilimshukuru. Nilifikiri: baba angelima mpaka azeeke katika ukurasa huu.

Ila ule ukurasa wa pili haukupungua. Nyoka walikuwa walewale, viboko walewale. Walioongezeka ni wa mamba. Niliona, sikuwa kipofu. Nikajitafutia maelezo, maana mtu wa kalamu hakosi maelezo. Nilisema kwamba amani imewarudisha watu ukingoni, wanawake wanateka maji bila kulindwa, na kwa hiyo mamba nao wameshiba amani. Kabla sijaondoka nilimwambia Bwana Mkubwa maneno hayo. Alicheka sana, akasema Karani ana akili, akayaandika katika barua yake.

Maneno hayo yako ndani ya barua ile hivi sasa, huko hemani kwake. Kila nikiyakumbuka nataka kujificha.

Katika mistari ya mamba ya mwaka juzi, mmoja ni wa binti yangu, Mwanahawa.

Alikuwa ameolewa Wenje na Bakari, mkulima wa mpunga na ndizi, mtu wa swala tano. Nilimpenda Bakari. Alikuja Kipini kuuza mpunga, akawa anashukia kwetu, mwishowe akaposa. Bi Amina alisema Wenje ni mbali. Mimi nilisema mto ni mmoja. Wakapata mtoto wa kike, Zainabu, ambaye sasa ana miaka saba.

Habari ilinifikia wakati wa mavuno. Nilipofika Wenje walikuwa wameshanitandikia mkeka, na wanaume watatu wa kijiji walikaa mbele yangu wakanieleza. Mwanahawa alikwenda kuteka maji asubuhi, mamba akamchukua, hakuacha kitu. Mmoja alieleza, wa pili akaeleza, wa tatu akaeleza, na wote maneno yao yalikuwa sawasawa. Karani mzima, niliyezoea kusikiliza mashahidi, nisijiulize mbona yako sawasawa hivyo. Nililia. Kisha nilifungua kitabu cha Serikali nikachora mstari katika ukurasa wa mamba, kwa sababu ndiyo kazi yangu na kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya na mikono.

Bi Amina nilipomweleza hakulia mbele yangu. Mwanahawa alizaliwa Kipini, mahali mto unapomwagika baharini, na aliogopa maji tangu mdogo. Wenzake wakioga yeye hukaa juu ya mchanga akiwalindia nguo. Mamake aliniangalia, akaitaja hofu hiyo kwa sauti ndogo, "Mwanangu akicha mai. Ukingoni alikwenda kufanyani?"

Nilimwambia kwamba mke wa mtu huteka maji, anaogopa au haogopi. Tangu siku ile ananipa chakula, ananitengea maji ya kuoga, na hanitanii.

Sasa niandike ya wiki hii.

Tulipokuwa tukishuka kutoka Chewele tulipita mahali ambapo ukingo ulikuwa na njia pana iliyozibwa na majani. Chini yake, ndani ya maji, kulikuwa na mabaki ya uzio wa miti, ule ambao watu wa mto huusimika ili wateke maji nyuma yake. Kijiji kilikuwa hapo hapo juu, moshi unafuka, lakini wanawake walikuwa wakishukia mahali pengine mbali, wakizunguka kupita kwenye miiba. Nikamuuliza mwenye mtumbwi wangu, Jilo, mbona watu hawa wanajisumbua.

Jilo ni mtu wa mto hasa, amezaliwa humu, na safari nzima amekuwa akinicheka kwa kuogopa kusimama mtumbwini. Alinijibu huku akisukuma upondo, bila hata kugeuka. "Pale mamba alichukua mzee mmoja. Pahali mamba amechukua mtu, sisi hatuteki tena, Bwana Karani. Hata mbuzi hatunyweshi pale. Tunakata njia nyingine."

Nikamuuliza kama ni desturi ya kijiji kile tu. Akasema ni mto mzima, kuanzia babu zao, na hakuna mtoto asiyejua. Akacheka kidogo, akaniuliza kama hilo halimo kitabuni.

Halimo kitabuni. Mimi ni mtu wa pwani. Nimepanda na kushuka mto huu miaka yote nikiwa nimeinamia karatasi.

Nilifungua kitabu. Yule mzee yumo, mstari wake ninao. Kisha nikaanza kuwakumbuka wengine. Pale Chewele nina mstari wa mwanamke aliyechukuliwa na mamba, na siku mbili kabla nilikuwa nimekunywa maji pale pale anaposemekana kuchukuliwa, mahali pakavu, pasafi, panakanyagwa kila siku. Nanighi ninayo mistari miwili, na mahali pa kuteka maji ni palepale tangu nimeanza kwenda. Sikuweza kuendelea. Nilifunga kitabu nikamwomba Jilo aongeze mwendo tufike Wenje. Aliona uso wangu, akaacha kunicheka.

Hata hivyo siku nzima ile nilijitetea moyoni. Nilisema labda Wenje wamehama nami sikuona. Wakati wa kupanda tulikuwa tumesimama hapo kidogo, nikanawa uso, nikampa Zainabu vipande vya sukari guru, tukaenda. Nilinawia wapi? Nilijaribu kukumbuka nikashindwa.

Tulifika juzi, jua likiwa limepanda. Kabla mtumbwi haujagusa ukingo niliona njia ileile. Mkwaju uleule umeinama. Uzio uleule, na miti miwili mipya iliyoongezwa. Wanawake watatu walikuwa ndani ya maji ya magotini, wanasuuza vyungu na kuongea. Na katikati yao Zainabu, kibuyu mkononi, anateka.

Mtoto yule aliponiona aliacha kibuyu akaja mbio ndani ya maji kunipokea. Hana hofu ya pale hata kidogo. Hakuna aliyemfundisha kuogopa, kwa kuwa hapakuwa na cha kuogopa.

Nilijua. Sikuhitaji shahidi.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mkwe wangu, mama yake Bakari. Ni mjane, mtu wa maneno machache, na mpaka siku hiyo tulikuwa tukiheshimiana kwa mbali kama ilivyo kwa wakwe. Alikuwa anapepeta mpunga. Nilimsalimu, nikakaa, nikamuuliza jambo moja tu, mbona hawakuhamisha mahali pa kuteka maji.

Aliendelea kupepeta. Alipepeta mpaka ungo ukabaki na punje tupu, hakuna kapi, na bado akapepeta. Kisha akauweka chini, akainuka, akaniambia nimfuate.

Tulipita nyuma ya nyumba, tukapita shamba la ndizi, tukafika mahali ambapo ardhi imeinuka kidogo na mafuriko hayafiki. Palifagiliwa. Hakuna jiwe, hakuna kijiti, ila ukiangalia vizuri unaona urefu wa mtu, na unaona kwamba ameelekezwa kibla.

"Tulimwosha," mkwe wangu alisema. "Mimi na dada yangu. Tulimkafini, watu wakamswalia. Hakutupwa, mkwe."

Nilikaa chini. Siku zote hizi nilikuwa nikimwona mwanangu katika tumbo la mnyama. Bi Amina alikuwa akimwona hivyohivyo, ingawa hatukuambiana. Kumbe alikuwa hapa, amelala kwa heshima, hatua chache kutoka mkeka ambao nilikalia nikidanganywa. Nilihisi nafuu, nikaona haya kwa kuihisi, kisha vyote viwili vikanizidi nikalia kwa sauti mpaka kuku wakakimbia.

Alinieleza akiwa amesimama. Ugomvi wa mume na mke ulikuwa wa muda mrefu. Bakari ana hasira zinazokuja ghafla na kuondoka ghafla, na marehemu babake alikuwa nazo. Asubuhi ile Mwanahawa alikuwa amefunga bunda la nguo. Alitaka kushuka Kipini na mtumbwi wa wauza ndizi. Bakari alimkuta mlangoni. Kulikuwa na mchi wa kinu karibu. Mama mtu hajui ni mara ngapi, alikuwa shambani. Alipofika Bakari alikuwa amemshika mapajani, anamwita.

Hapa lazima niandike lile ambalo sijamwambia mtu.

Alikuwa amekwisha kuja mara moja. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Mwanahawa alifika Kipini peke yake, mtoto amemwacha kwa bibi yake, na shingoni ana alama nyeusi za vidole. Bi Amina alimkanda kwa maji ya moto siku tatu. Siku ya nne nilimwita barazani. Nilimwambia kila nyumba ina yake. Nilimwambia mwanamke hakimbii nyumba yake kama mtumwa, watu wataninyoshea kidole, karani wa Serikali anayeandika mashauri ya watu na lake limemshinda. Nilimwambia asije tena bila mumewe. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, akasema, "Haya, baba." Nilimpandisha mtumbwini mwenyewe, nikamrudisha Wenje mwenyewe, njia nzima amenishika mkono kwa hofu ya maji, nami nikamkabidhi kwa Bakari nikala wali wao.

Na bado alifunga bunda mara ya pili. Alikuwa anakuja kwangu. Nilimkataza, na bado alikuwa anakuja kwangu.

Nilimuuliza mkwe wangu kwa nini walinificha. Tungekaa, nilisema. Tangu zamani mtu akiua, wazee wa pande mbili hukaa, ng'ombe wa diya hutolewa, muuaji huondoshwa kijijini, maiti huliliwa kwao. Mimi ni Mwislamu na ni baba, walinionaje hata wanifiche kaburi la mwanangu.

Ndipo aliponitazama usoni kwa mara ya kwanza.

"Kama wewe ulikuja baba tu, tungesema siku ile ile," alisema. "Wewe ulikuja na kitabu. Mtu akiingia kitabuni, Serikali inanyonga. Tumezika mmoja, tukuletee na wa pili? Na Zainabu abaki na nani?"

Walinifanyia kama kinavyofanya kijiji chochote kinapojiwa na Serikali. Mwanamke wa Chewele, wale wawili wa Nanighi, bila shaka walisemewa maneno yaleyale na watu watatu waliokaa mbele yangu. Na mimi niliandika. Tangu Serikali ilipoanza kunyonga, watu wa mto hawauani tena, wanachukuliwa na mamba. Sisemi kwamba amani yote ni uongo. Wavamizi wamekoma kweli, watu wanalala majumbani mwao, hilo nimelishuhudia kwa macho yangu na kwa damu ya baba yangu. Lakini mkono uliokuwa ukitoka nyikani umekoma, ule uliomo ndani ya nyumba haujakoma, na huo hakuna aliyenituma nikauhesabu.

Bakari alitokea shambani tukiwa bado pale. Alikuwa na matope mpaka magotini. Alipotuona mahali tulipo alisimama. Amekonda, nywele zimeingia mvi na bado ni kijana. Nilikuwa nimejiambia kwamba nikimwona nitamrukia. Sikumrukia. Alisema, "Baba," basi, akakaa chini palepale kwenye matuta na kungoja, sijui alikuwa akingoja nini kutoka kwangu.

Nilimpita bila kumgusa. Nilimtafuta Zainabu, nikamshika mikono yote miwili, nikamwomba bibi yake ruhusa ya kumchukua Kipini. Hakunikatalia wala hakunikubalia. Alitusindikiza mpaka ukingoni na bunda dogo la nguo za mtoto, akalipakia mwenyewe. Nilijua anachotaka kuniomba. Nilikuwa nimejiandaa kukataa. Hakuniomba.

"Ukiandika, mkwe," alisema, "andika na mimi nilijua."

Siku mbili sasa nasikia maneno hayo. Mama ambaye mwanawe ndiye wa pekee aliyebaki. Mimi nilikuwa na mtoto wa pekee nikamrudisha mahali pa kuuawa ili nisinyoshewe kidole. Yeye anajitaja mwenyewe kitabuni bila kuulizwa. Mimi, mwenye kitabu, nimemaliza mwaka na nusu bila kujitaja popote.

Jioni inaingia. Zainabu amelala mkekani nyuma yangu. Mchana aliniuliza kama Kipini kuna mamba, nikamwambia wako wachache, akasema kwao hakuna.

Bwana Mkubwa alipita hapa punde. Aliuliza kama kitabu ki tayari. Si mtu mbaya. Aliniletea chai kwa mkono wake alipoona macho yangu mekundu, akadhani ni homa, akaniambia kesho nikishampa kitabu nipumzike, kazi ni nzuri, barua yake inangoja tu kurasa zangu. Nilimshukuru. Kikombe hiki hapa, kimepoa.

Naweza kuliacha jambo lilivyo. Ukurasa utabaki mweupe, barua itakwenda, Bakari ataishi na kile anachoishi nacho, na Zainabu hatakuwa mtoto wa mtu aliyenyongwa. Nimelipima hilo tangu adhuhuri na sitajidanganya kwamba ni jepesi. Kuna wakati nilifunga kitabu kabisa nikasema yamekwisha.

Lakini mawazo yakanifikisha kwa Bi Amina. Nitamwambia nini nikishuka mtumbwini na mjukuu mkononi? Kwamba mwanawe ana kaburi, na kwamba kwa Serikali hajauawa? Alikuwa akijua. Mwaka na nusu amekaa na mtu anayejiita mwandishi, na yeye asiyejua alifu wala be ndiye aliyesoma sawasawa.

Nimefungua mwaka juzi.

Ukurasa wa waliouawa ni mweupe kama nilivyosema. Niliushika kwa muda mpaka jasho la kidole likaacha alama. Kisha nimechovya kalamu. Sikuchora mstari. Nimeandika kwa hati kubwa, ile ya kuandikia barua za heshima: Mwanahawa binti Athmani, mzaliwa wa Kipini. Ameuawa na mumewe Bakari, Wenje. Amezikwa Wenje, amekafiniwa, ameswaliwa. Mama wa muuaji alijua. Chini yake nimeandika: Alikuwa amekimbilia kwa babake, babake akamrudisha. Nimeweka jina langu, si cheo.

Katika ukurasa wa mamba nimeufuta mstari wake. Pembeni mwa yule wa Chewele na wale wawili wa Nanighi nimeweka nukta, na maelezo kwamba watu wangali wanateka maji mahali pale pale. Sijui zaidi ya hapo, na sitaandika zaidi ya ninachojua. Yale maneno yangu ya mamba kushiba amani nitamwomba Bwana Mkubwa ayaondoe katika barua. Atakasirika. Huenda kalamu hii si yangu tena kuanzia kesho. Bakari nitamwombea asinyongwe, kwa ajili ya mamake na mtoto, ingawa ombi la karani aliyekosea halina uzito na moyo wangu wenyewe hauliombi kwa ukamilifu.

Wino haujakauka. Nimekaa naungoja.

Alipokuwa mdogo kama Zainabu, Mwanahawa alikuwa akija kukaa karibu yangu kila ninapofanya kazi. Nikimaliza ukurasa, wino ukibaki kidogo kwenye ncha, ananivuta mkono. "Baba, niandike." Namwandikia jina lake kwenye kipande cha karatasi kilichoharibika. Hakujua kulisoma. Alilitazama tu, akalipuliza likauke, akakimbia kwenda kumwonyesha mamake. Siku niliyomtia kitabuni mwaka juzi nilimchora mstari, kama wengine, kwa sababu majina yanachelewesha kazi.

Sasa nimelipuliza likauke. Nimekuandika, mwanangu. Baba amechelewa.